Shajara ya Bwana Mikono

Jumanne, 22 Aprili 2025

Pasaka imekwisha, tumerudi kazini. Kikao cha asubuhi nilichelewa kwa sababu nilikuwa namshikia mgonjwa beseni la kutapikia. Nilipoingia, ajenda ya tatu ilikuwa imeshapita. Ajenda ya tatu ilikuwa kumchagua mratibu wa IPC wa wodi yetu, yaani mtu wa kusimamia kinga na udhibiti wa maambukizi. Nimechaguliwa kwa kauli moja. Nasikia hata makofi yalipigwa.

Matroni kanikabidhi faili, ubao wa kuandikia, fomu sitini na bango moja. Kaniambia, "Baba, wewe andika kila unachokiona." Fomu hazina nafasi ya kila ninachokiona, kwa hiyo nimenunua kauntabuku hili kwa hela yangu.

Fomu inataka nimwangalie mtumishi katika nyakati tano zilizopangwa na Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kumgusa mgonjwa. Kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, mfano kuweka kanula au kufunga kidonda. Baada ya kupatwa na damu au majimaji ya mwili. Baada ya kumgusa mgonjwa. Na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka: kitanda, kabati, shuka, ndala zake. Kila wakati mmoja ni fursa moja. Kanawa, tia alama. Hakunawa, tia alama.

Kufikia saa kumi jioni nilikuwa naitwa Bwana Mikono.

Jumatano, 23 Aprili

Nimesimama katikati ya wodi na ubao wangu tangu saa mbili asubuhi. Watu wamenawa. Miaka tisa nipo hapa, sijapata kuona watu wakinawa namna hii. Muuguzi mmoja alinawa mara nne kwa ajili ya mgonjwa mmoja, wa kitanda namba 5, mpaka mgonjwa akaniita kwa kidole na kuniuliza kwa sauti ya chini kama majibu yake yametoka. Nikamwambia hajapimwa kitu. Hakuniamini. Saa ya kuona wagonjwa walikuja ndugu zake watano, wakasimama mbali na kitanda.

Hesabu ya asubuhi: fursa 20, wamenawa 20. Matroni alifurahi akanipa mkono. Alikuwa ametoka kukagua mashuka machafu.

Mchana ubao nimeuacha stoo. Nimekaa chini kando ya kitanda kitupu namba 12, nikajifanya nakaza nati za miguu yake. Fursa 20, wamenawa 7. Wawili kati ya hao saba walikuwa wanakwenda kula.

Usiku nimesoma faili. Mna habari za Geneva, Uswisi, ambako daktari Didier Pittet na wenzake waliwahesabu watumishi wa hospitali ya chuo kikuu kama mimi ninavyowahesabu wa kwetu. Walianza mwaka 1994 wakakuta watu wananawa mara 48 katika kila fursa 100. Wakasambaza kitakasa mikono kando ya vitanda, wakabandika mabango, na kufikia mwaka 1997 ikawa 66. Geneva, ambako nadhani maji hayakatiki. Nimefarijika kuliko inavyostahili.

Alhamisi, 24 Aprili

Daktari wetu wa mafunzo ni kijana mpole, anawaamkia hata wahudumu wa usafi. Leo alivaa glovu saa tatu kasoro robo, kitanda namba 1. Nilimfuata nyuma bila ubao.

Glovu zilifungua kidonda cha namba 1. Zikafungua faili. Zikachomoa kalamu mfukoni, zikaandika, zikairudisha kalamu. Zikavuta pazia. Zikamkagua namba 2, zikambonyeza tumbo namba 3, zikasukuma miwani ya daktari irudi juu ya pua. Kwa namba 4 simu ikaita. Zikaitoa simu kwenye mfuko wa suruali, zikaibandika sikioni.

"Shikamoo mama. Niko kazini, mama. Ndiyo, nimekula."

Zikairudisha simu. Zikamgeuza namba 5. Zilikuwa zimeshainua gozi ya namba 6, mzee aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri juzi, nilipoamua kusema.

"Daktari," nikamwambia, "glovu."

Akaninyoshea mikono yote miwili, mbele na nyuma, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha.

"Nimevaa, Bwana Mikono."

Nikamvuta pembeni, nikamweleza: glovu ni ya mgonjwa mmoja, kazi moja, ukimaliza unavua, unatupa ndoo ya njano, unanawa. Alinisikiliza kwa adabu sana. Akavua. Akazikunja vizuri, akazitia mfukoni.

"Za mchana," akasema.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya sabuni. Mche mmoja nimeukata kwa uzi vipande vinane, kwa kuwa faili linashauri vipande vidogo kwenye sahani yenye matundu, ili sabuni isilale kwenye maji. Vipande vinane nikavigawa kwenye masinki matatu ya wodi. Sinki namba 3 halina bomba, ila niliona vibaya kulinyima.

Saa sita mchana kilikuwepo kipande kimoja, sinki namba 3.

Kipande cha kwanza nilikikuta bomba la nje, mikononi mwa mama mmoja mwenye mgonjwa namba 9, anafulia kanzu. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akasema, "Mwanangu, nilidhani mmetuwekea sisi. Nikasema leo serikali imetukumbuka." Sikuwa na la kujibu. Nikamsaidia kukamua kanzu.

Cha pili kilikuwa kwenye kabati la muuguzi mwenzangu, kimefungwa kwa karatasi. Alisema anakitunza kisiibiwe.

Vingine sijavipata. Jioni inchaji wa wodi alileta sabuni ya maji, chupa moja, ya kijani. Wa zamu ya jioni akaiongezea maji ili ifike Jumatatu. Wa zamu ya usiku, bila kujua ya mwenzake, akaiongeza ili ifike Jumatatu. Itafika Jumatatu. Ni maji ya kijani.

Nimeondoa pia taulo la wodi, lile lililotundikwa kando ya sinki namba 1 tangu kabla sijaajiriwa, ambalo wote tunajifutia. Faili linasema kila mtu na cha kwake cha kujifutia, kisha kitupwe au kifuliwe. Cha kuweka badala yake sikuwa nacho. Watu wanajifutia kwenye makoti, na wasio na makoti wanajifutia kwenye pazia la namba 1.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Niko zamu ya usiku. Maji yamekatika tangu saa nne asubuhi.

Tunayo ndoo yenye koki, na beseni lake chini, kwa dharura kama hii. Ndoo ilikuwa safi, imekaa mahali pake, tupu. Wa asubuhi alidhani itajazwa na mtu wa usafi. Mtu wa usafi alidhani itajazwa na mratibu. Mratibu ni mimi, nilikuwa nyumbani naangalia televisheni.

Nimeijaza kwa madumu mawili kutoka kisima cha jikoni. Watu walinawa kwa foleni, kwa heshima, maji kidogo kidogo. Usiku wa leo, bila bomba hata moja, tumenawa kuliko juzi.

Saa nane usiku maji yalirudi. Tangu asubuhi kila aliyepita kwenye sinki alikuwa ameifungua koki aone kama maji yametoka, akaiacha hivyo hivyo. Masinki yakajaa, yakafurika. Namba 3 lisilo na bomba ndilo pekee lililokaa kimya. Saa tisa nilimkuta mgonjwa wa namba 8 amekaa kitandani, anaziangalia ndala zake zikielekea mlangoni.

Jumapili, 27 Aprili

Mapumziko. Nilinawa kabla ya chakula cha mchana, mke wangu ananitazama. Akauliza maji yatamwagika mpaka lini. Nikamwambia kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Akasema bili analipa yeye. Nilimalizia kwa sekunde 15.

Jumatatu, 28 Aprili

Mfamasia amekubali kututengenezea kitakasa mikono hapa hapa, kwa mapishi ya Shirika la Afya Duniani. Ni rahisi kuliko pilau. Kwa lita 10: ethanoli, yaani spiriti, ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, halafu unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10 zitimie. Spiriti ndiyo inayoua vijidudu mikononi. Gliserini ni ya kulinda ngozi isikauke ikapasuka. Ile peroksaidi haina kazi mikononi, imo kwa ajili ya kuua vijidudu vilivyolala ndani ya madumu na chupa zenyewe, na inahitaji muda. Ndiyo maana mchanganyiko unawekwa saa 72 kabla haujaguswa.

Tumemaliza saa nane mchana. Mfamasia kafunga stoo, kabandika karatasi: USITUMIE MPAKA ALHAMISI SAA NANE. Tukapeana mikono, kisha tukakumbuka, tukanawa. Maji ya kijani.

Jioni muuguzi aliyefunga vidonda amesema gozi ya namba 6 imelowa.

Jumanne, 29 Aprili

Kidonda cha namba 6 kinatoa usaha. Amebadilishiwa dawa, wamechukua kipimo cha kuotesha. Namba 6 ni mwalimu wa madrasa, wodi nzima tunamwita maalim. Hakuna anayejua usaha umetokea wapi, unaweza kutokea popote: chumba cha upasuaji, ngozi yake mwenyewe, sukari aliyonayo. Mimi ninachojua ni kwamba Alhamisi nilisimama vitanda vitano kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu nilitaka kuona glovu zitafika wapi. Fomu inasema niangalie. Haisemi nizuie. Nimeisoma mara mbili.

Nilikwenda kumwona baada ya dripu. Nikampa habari kwamba Alhamisi tutamwekea chupa ya kitakasa mikono kwenye kitanda chake. Akauliza kama ina kileo. Nikasema inayo, asilimia 80, ila ni ya kupaka. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimelisoma usiku, kwamba wanazuoni wa baraza la fikihi waliokutana Makka Januari 2002 waliruhusu spiriti itumike nje ya mwili kuua vijidudu.

"Najua," akasema maalim. "Nilikuwa nakuuliza wewe kama unajua."

Adhuhuri alishuka kitandani taratibu, ameshika tumbo, akaenda sinki namba 1 kutawadha. Nikamhesabia bila ubao. Viganja, kati ya vidole, mara tatu, bila haraka, na koki kaifunga. Mwanafunzi wetu wa vitendo alikuwa pembeni yake anasuuza vidole kwa sekunde sita. Maalim akamtazama mpaka kijana akaanza upya.

Nilipomrudisha kitandani akaniambia, "Mwanangu, nimekaa hapa wiki nzima nawaangalia. Mimi nanawa kabla ya kwenda ninakokwenda. Nyinyi mnanawa mkishatoka."

Nimekwenda stoo nikatoa fomu ya tarehe 23, ile ya kitanda namba 12. Waliokwenda kula nimewaweka kando. Wamebaki watano walionawa. Wote watano alama zao ziko kwenye mistari ya "baada".

Jumatano, 30 Aprili

Mafunzo, chumba cha chai, saa nane mchana, watu kumi na mmoja. Somo: kuvua glovu bila kujigusa kwa nje. Unabana ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, unaichuna inageuka ndani nje, unaifumbata kwa mkono wenye glovu. Kisha unaingiza kidole kitupu chini ya ukingo wa ile ya pili, unaichuna nayo iimeze ya kwanza. Halafu unanawa, maana glovu huwa na vitundu usivyoviona, na mikono huchafuka wakati wa kuvua.

Ili watu waone uchafu unavyosafiri, faili linashauri kupaka glovu rangi. Rangi hatuna. Tunayo GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, chupa tele. Nilijua haitoki upesi kwenye ngozi. Niliona ndiyo faida yake.

Watu kumi na mmoja wakavaa, wakapakwa, wakanyosha mikono mbele wakisubiri maelekezo. Hapo mlango ukagongwa. Ni mtu wa mahesabu, anamtaka matroni asaini. Matroni akafungua mlango. Akapokea kalamu. Akasaini. Inchaji akaona chai inapoa, akaifunga chupa. Daktari wa mafunzo simu yake ikaita.

"Shikamoo mama."

Baada ya hapo nilifundisha kuvua, na kwa kweli walivua vizuri, tisa kati ya kumi na mmoja mikono ilikuwa myeupe. Hali ya chumba jioni: zambarau kwenye kitasa cha mlango, ndani na nje, kwenye chupa ya chai, kopo la sukari, swichi ya feni, daftari la mahudhurio, ukurasa wa leo na wa kesho, vocha ya mtu wa mahesabu, na sikio la kulia la daktari. Kwenye hotipoti la chapati kuna vidole vinne na gumba, vimekaa vizuri kama alama za polisi. Hakuna aliyekubali kuwa ni vyake.

Niliwaambia hayo ndiyo mafunzo yenyewe. Matroni alisema vocha ilikuwa ya fedha za sabuni.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Saa nane mchana kitakasa mikono kilitimiza saa 72. Ufunguo wa stoo ya famasi anao mfamasia. Mfamasia yuko uwanjani kwenye maandamano ya wafanyakazi, amevaa fulana mpya. Nilimpigia. Nilisikia matarumbeta.

Kwa kuwa nilikuwa sina la kutakasa, nilihesabu glovu. Boksi lilifunguliwa saa moja asubuhi, glovu 100, saizi S, kwa kuwa saizi nyingine zimeisha. Kwa mikono yangu saizi S ni hadi kwenye vifundo vya vidole. Saa nane boksi lilikuwa tupu. Wagonjwa tunao kumi na wanne na kazi za asubuhi hazikuwa nyingi. Nimezifuatilia.

Tisa zimefungia mikono wakati wa kutafuta mshipa, kwa sababu mpira wa kufungia haujulikani ulipo tangu Februari. Nne zimepulizwa zikawa majogoo, kwa watoto waliokuja kumwona baba yao. Moja imefungwa kwenye koki ya sinki namba 2 inayovuja, na imesaidia. Kidole kimoja cha glovu kilikatwa kikatiwa chumvi ya kulia mayai ya kuchemsha. Sita zimeoshwa na zimeanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo la kufulia, zimepakwa poda, zinapepea. Aliyezianika alinieleza kwa upole kwamba wiki iliyopita nililalamika glovu zinapotea.

Nyingi ya zilizobaki zimevaliwa kwa kupima presha, kusukuma viti, kugawa vidonge, kupokea uji. Kazi ambazo hazina damu wala majimaji, na mkono mtupu ulionawa ulikuwa unatosha. Niliwauliza wawili. Wote walisema glovu zinawapa amani.

Kidonda cha maalim kilipokwenda kufunguliwa, boksi la glovu za kawaida halikuwa na kitu. Tulitumia za upasuaji, pakiti ya mwisho.

Ijumaa, 2 Mei

Kitakasa mikono kimefika wodini. Chupa saba. Nimeonyesha: jaza kiganja, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke, usifute. Daktari wa mafunzo amekipaka juu ya glovu. Nimemwambia glovu haitakaswi, inavuliwa. Siku hizi nasema tangu kitanda cha kwanza. Ananiita sasa "mkuu", sijui kama ni heshima.

Zamu ya usiku nilikwenda leba kupeleka chupa yao. Hakukuwa na mzazi, sista alikuwa anakunywa chai, nikamsimulia niliyoyasoma. Kwamba mwaka 1847 pale Vienna, Ignaz Semmelweis aliona akina mama wanaozalishwa na madaktari wanakufa kwa homa ya uzazi kuliko wanaozalishwa na wakunga, akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja leba moja kwa moja. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka sana.

"Wakamshukuru," akasema sista.

Nikamwambia hawakumshukuru. Alipoteza kazi, na mwaka 1865 alifia kwenye hospitali ya vichaa. Sista akanitazama akasema nisisisitize sana mambo ya watu.

Nikamsimulia la pili. Glovu za mpira ziliingia chumba cha upasuaji katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, Baltimore, Marekani. Daktari William Halsted alikuwa na muuguzi, Caroline Hampton, ambaye dawa ya zebaki ya kuoshea mikono ilikuwa inamharibu ngozi. Halsted akaiandikia kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee muuguzi wake glovu nyembamba. Kwa hiyo glovu ilitengenezwa kwa ajili ya mikono ya muuguzi. Mgonjwa alikuja kufikiriwa baadaye.

"Akamwoa?" akauliza sista.

"Akamwoa, mwaka 1890."

Sista akamaliza chai yake.

"Sisi tunaletewa saizi S," akasema.

Jumapili, 4 Mei

Nimeamka na zambarau kwenye sikio langu la kushoto. Sikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Mimi sikupakwa. Nilikuwa mwalimu.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya Usafi wa Mikono Duniani kwa watumishi wa afya, huadhimishwa tarehe hii tangu mwaka 2009. Ya mwaka huu inahusu glovu: kwamba glovu huenda ikahitajika, lakini kunawa kunahitajika kila mara. Nilimtafsiria mchora mabango kwa simu. Aliandika GLOVU ZINAHITAJIKA KILA MARA. Hela ilikuwa imeshalipwa.

Bango lile dogo, la matroni, lenye picha za hatua za kunawa, limebandikwa juu ya sinki namba 3, maana kwingine kote ukutani pamejaa. Ni bango zuri. Wagonjwa wawili wamekwenda pale kufuata hatua, wakafika hatua ya kwanza.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Aliposhuka kwenye gari alitupa mikono watumishi wote tuliopangwa mstari, mmoja mmoja, hakuruka hata mtu. Nilikuwa wa mwisho, nilipokea ya wote. Aliuliza kuhusu vidole vya matroni. Matroni akajibu ni alama ya waliohitimu mafunzo. Mgeni akapendezwa, akasema kwenye hotuba kwamba ameziona alama hizo na mwakani anataka kuona watumishi wote wanazo.

Kisha akaonyeshwa kunawa, akanawa sekunde 40 kamili mbele ya kamera, kwa sabuni nzima iliyonunuliwa leo asubuhi. Watu wakapiga makofi. Akafutwa mikono kwa taulo. Ni lile taulo la wodi. Sijui nani aliliokota.

Tukala sambusa.

Jumanne, 6 Mei

Maalim ameruhusiwa. Kidonda kimekauka, atakuja kwenye kliniki baada ya wiki mbili. Wiki moja na zaidi amekaa ambayo hakupaswa kukaa, na mwanawe amelipia dawa ambazo hakupaswa kulipia. Mwanawe alitushukuru sana. Kila aliposhukuru nilikuwa naangalia dirishani.

Nilimsindikiza mpaka getini nimebeba mfuko wake na birika la kutawadhia. Kabla ya hapo nilikuwa nimekunja shuka za kitanda chake, nikazitia kwenye kapu la nguo chafu, na kwa haraka ya kuwahi bajaji nikatoka moja kwa moja. Alipokwisha kukaa nikamnyoshea mkono wa kwaheri.

Maalim akauangalia mkono. Mkono wake akauacha gotini.

"Umenawa?" akauliza.

Nikamwambia anisubiri kidogo. Chupa ya geti, ya kitakasa mikono, ilikuwa imeisha. Nikarudi wodini. Sinki namba 1 lilikuwa na foleni ya watu wanne, wa mbele yangu alikuwa daktari wa mafunzo, ananawa hatua zote kama alivyofundishwa, kidole kwa kidole, kabla ya kwenda kwa namba 1. Sikuweza kumharakisha. Nilinawa sekunde 40. Taulo hakuna. Nikarudi getini nimenyosha mikono mbele, inachuruzika.

Bajaji ilikuwa imeshaondoka. Mlinzi alisema mzee kanisalimia.

Nimefungua fomu nilijaze tukio hili. Ipo sehemu ya aliyenawa kabla ya kumgusa mgonjwa, ipo ya ambaye hakunawa. Ya aliyenawa akakuta mgonjwa ameondoka haipo.

Fomu zimebaki kumi na mbili.